Wanaozaliwa nao wahesabiwe

Kuanzia nyumba za zamani zinazotazama mikoko hadi yadi za malori kando ya barabara kuu ya Nairobi, kauli ya watu wa Jomvu Kuu, Mombasa, ni moja: mbwa na paka wamezidi. Mwenye kibanda cha samaki amechoka kufukuza. Mzazi anahofia mtoto wake ataumwa njiani akienda madrasa. Wana haki ya kulalamika, na sisi tuko upande wao. Ila malalamiko yote huhesabu mbwa mkubwa na paka mkubwa. Wale wanaozaliwa chini ya trela, nyuma ya magunia ya mkaa au ndani ya nyumba isiyomalizwa kujengwa, wakafa kabla hawajafumbua macho, hakuna anayewahesabu. Tunaamini kazi ianzie kwao.

Utafiti mmoja wa Kenya unatuunga mkono, ingawa haukufanyika pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Philip Kitala wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walifuatilia mbwa wa Machakos, boma kwa boma, ili kusaidia mipango ya kupambana na kichaa cha mbwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Hawakuwa wakichunguza mbwa wa maonyesho wenye vyeti vya ukoo. Walichunguza mbwa wa kawaida, wa kubweka usiku na kula makombo, kama hawa wetu. Walikuta kwamba wakati wowote ule nusu ya mbwa wote walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja. Dume aliyezaliwa alitarajiwa kuishi miaka 3.5, jike miaka 2.4. Mbwa anayetunzwa vizuri hufika miaka 10 na zaidi. Na pamoja na vifo vyote hivyo, idadi ya mbwa ilikuwa ikipanda kwa takriban asilimia 9 kila mwaka.

Hesabu hiyo ingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya mifugo hapa pwani. Wapo wanaoamini kwamba kufa kwa vitoto ndiko kunakozuia mtaa usijae. Machakos ilionyesha kinyume: walikufa wengi na bado wakaongezeka, kwa sababu majike walizaa zaidi kuliko kifo kilivyoweza kuwapunguza. Kwa paka jambo hili liko wazi zaidi. Paka aliyefiwa na watoto hurudi kwenye joto ndani ya wiki chache, akapata mimba nyingine ya siku 63 hadi 65, na mtaa ukaanza upya. Nchini Marekani, watafiti waliofuatilia paka wa mitaani huko North Carolina na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004 walikuta watoto watatu kati ya kila wanne wamekufa au wametoweka kabla ya miezi sita. Paka hawakuisha.

Vifo hivyo vina hasara nyingine inayomgusa hata mtu asiyejali mbwa kabisa. Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili kichaa kikatike. Machakos, kati ya mbwa waliozidi miezi mitatu, waliochanjwa walikuwa asilimia 29 tu. Sasa fikiria mtaa ambao mbwa wake hawadumu. Mwaka huu unachanja, mwakani sehemu kubwa ya uliowachanja wamekwisha kufa na mahali pao wamekaa wapya wasio na kinga. Ni kuteka maji kwa mtungi uliotoboka. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho, wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo anayetaka mtoto wake wa Jomvu Kuu afike madrasa salama ana sababu ya kutaka mbwa wa jirani aishi miaka minane, amechanjwa, amefungwa uzazi, badala ya mbwa wanane wa kupokezana, kila mmoja mwaka wake.

Je, kitoto kinaweza kuokolewa? Wengi wanaweza. Utafiti wa miaka ya karibuni umefafanua mengi ambayo zamani yaliitwa bahati mbaya tu.

Wengi hupotea siku za mwanzo kabisa. Huko Norway watafiti walichambua rekodi za mwaka 2006 na 2007 za mizao 10,810, jumla ya watoto wa mbwa 58,439. Asilimia 8 walizaliwa wafu au walikufa ndani ya wiki ya kwanza. Hao ni mbwa wa ukoo, wanaozalia ndani ya nyumba zenye joto, daktari akiwa karibu. Hatuoni sababu yoyote ya kudhani kwamba chini ya trela hali ni nafuu.

Huko Toulouse, Ufaransa, kikundi cha Sylvie Chastant na Hanna Mila katika chuo cha udaktari wa mifugo kimetumia miaka mingi kuchunguza siku hizo za mwanzo. Mtoto wa binadamu huzaliwa tayari amepokea sehemu kubwa ya kinga ya mama yake tumboni. Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu mtupu. Kinga yake iko kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Na utumbo wake huipokea kwa muda mfupi sana. Uwezo huo huanza kupungua saa chache tu baada ya kuzaliwa, na zikipita saa 12 hadi 16 umekwisha. Watafiti hao walipopima damu za watoto wa siku mbili, walikuta kwamba kati ya waliopungukiwa na kinga walikufa asilimia 44 hivi. Kati ya waliopata ya kutosha, walikufa asilimia 5. Tofauti kubwa kiasi hicho inategemea sana kunyonya mapema, kitu ambacho hakinunuliwi. Mwenye mbwa anayezaa usiku akiamka mara moja tu kuhakikisha kila mtoto amelifikia titi, hasa yule mdogo anayesukumwa pembeni na wenzake, amefanya kazi ambayo hakuna sindano itakayoweza kuifanya kesho yake.

Baada ya dang'a ni joto. Hapa ndipo watu wa pwani tunapojidanganya, maana tunaona Mombasa haina baridi. Mtoto wa mbwa au wa paka katika wiki ya kwanza hawezi hata kutetemeka ili ajipashe. Anahitaji mahali penye joto la digrii 30 hivi, na kwa kawaida analipata kwenye mwili wa mama yake na ndugu zake. Usiku wa Julai, kusi inapovuma, joto la Mombasa hushuka hadi karibu digrii 20. Weka kitoto kilicholowa kwenye sakafu ya saruji usiku huo, mama akiwa ametoka kutafuta chakula, na hadi alfajiri kimekwisha.

Mshike mmoja wa namna hiyo. Akiwa paka, ana gramu 100 hivi. Tia ncha ya kidole kisafi mdomoni mwake. Anayejiweza atakikamata na kukivuta kwa nguvu inayokushangaza. Aliyepoa hakishiki, na ndani ya mdomo wake utahisi ubaridi. Watu wenye huruma hukimbilia kumnywesha maziwa papo hapo, na huruma hiyo humuua. Mwili ukipoa, tumbo husimama kufanya kazi. Maziwa hukaa humo yakachacha, au huingia mapafuni. Kwanza apashwe joto, na apashwe taratibu, saa nzima au zaidi: chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kanga, ndani ya boksi, na aachiwe nafasi ya kujisogeza pembeni akizidiwa. Akianza kutafuta kwa mdomo, arudishwe kwa mama. Kinyume chake pia huua. Boksi lililowekwa chini ya mabati mchana wa Februari ni tanuri, na kitoto hukauka maji mwilini kwa muda mfupi sana.

Mizani ya jikoni ni kifaa cha tiba, na tungependa kila mwenye mbwa au paka anayenyonyesha aielewe hivyo. Mtoto wa paka anatakiwa aongeze gramu 10 hadi 15 kila siku. Asiyeongezeka kwa siku mbili mfululizo ana shida, hata kama kwa macho anaonekana mzima. Atiwe alama kwa uzi, aandikwe kwenye daftari, awekwe kwenye titi lenye maziwa mengi wenzake wakiwa wameondolewa kidogo.

Kuhusu maziwa ya ng'ombe tutasema wazi: si chakula chao. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, na sukari ya maziwa ya ng'ombe ni nyingi kwa tumbo lao, hivyo huwaharisha. Anayehara katika umri huo hana siku mbili. Kwa yatima, njia bora na ya bei nafuu ni mama mwingine anayenyonyesha; paka hasa hukubali watoto wa wenzake kwa urahisi. Akikosekana, kuna maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili yao, na daktari wa mifugo ataelekeza. Na jambo ambalo wengi hawalijui: kitoto hakiwezi kukojoa chenyewe hadi kifike wiki tatu hivi. Mama hukilamba. Asiye na mama apanguswe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu baada ya kila mlo, la sivyo atakufa kibofu kimejaa.

Lakini kabla hujamwita yatima, subiri. Kila mara vijana wetu wenye roho nzuri huokota watoto wa paka waliowakuta peke yao, kumbe mama amekwenda jaani au ufukweni kutafuta vichwa vya samaki na atarudi. Wakiwa wamelala kimya, wana joto na matumbo yamejaa, waachwe walipo.

Minyoo ndiyo inayofuata. Mbwa huambukizwa tumboni mwa mama yake: minyoo mirefu ya mviringo hupenya hadi kwa mtoto kabla hajazaliwa. Safura hupitia kwenye maziwa, ikanyonya damu ya mtoto wa wiki mbili hadi ufizi ukawa mweupe, na kifo hicho huja kabla hata hujaona dalili kwenye kinyesi. Ndiyo maana dawa ya minyoo huanza mtoto akiwa na wiki mbili, ikarudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane, na mama naye akapewa. Kwa paka huanza wiki ya tatu. Dozi hufuata uzito, basi asikisiwe kwa macho. Dawa hiyo humkinga binadamu pia, kwani mayai ya minyoo hiyo hubaki kwenye mchanga wanakocheza watoto, na lava wa safura ya mbwa hutambaa chini ya ngozi ya mguu na kuacha mstari mwekundu unaowasha.

Viroboto watano wakimnyonya mbwa mkubwa hajui. Makumi wakimvaa mtoto wa paka wa gramu 200, wanammaliza damu. Tunaomba sana hapa: dawa ya kuogeshea ng'ombe isiguswe. Permethrini, iliyomo kwenye dawa nyingi za wadudu, ni sumu kwa paka, na josho la kupe halikutengenezwa kwa ajili ya kitoto. Chanuo la meno ya karibu-karibu, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kisha akaushwe mara moja na kurudishwa kwenye joto.

Akivuka hayo, bado kuna parvo, ugonjwa wa kuhara damu ulioenea duniani kuanzia mwaka 1978, na ndugu yake anayeua paka. Chanjo ipo, huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa hadi wiki ya 16, kwa sababu kinga ya mama inayobaki mwilini huizuia isishike. Sindano moja haitoshi. Na asitolewe kwa mama kabla ya wiki ya nane. Desturi ya kumchukua akiwa na wiki nne ili amzoee bwana wake na awe mkali humtoa kwenye maziwa na kwenye mafunzo ya ndugu zake, ambako hujifunza kuuma bila kuumiza.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo si ugonjwa. Ni kiroba cha kuwatupia. Hapa kwetu vitoto majike ndio wanaotupwa kwanza, kwa kuwa mwenye nyumba anataka dume la kulinda, na paka wasiotakiwa hupelekwa jaani wangali vipofu. Hatusemi hivi kwa kuwadharau majirani zetu. Mtu ambaye hakuwahi kuletewa huduma ya kufunga uzazi hana njia nyingi. Lakini kumtupa kiumbe hai ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na ni kosa mbele ya dini iliyotulea. Kila mwanafunzi wa madrasa anaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa, na ya yule aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Abu Huraira alipata jina lake kwa kitoto cha paka. Hukumu ya mate ya mbwa ni jambo la twahara. Haijampa mtu ruhusa ya kumdhulumu. Masheikh wa Jomvu Kuu wakilisema hili kwenye khutba, litafika mbali kuliko maandishi yetu, na wachungaji wa makanisa ya hapa wanaweza kulisema vilevile.

Baada ya hapo mzigo ni wa kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, imezikabidhi serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, ikitaja kwa jina leseni za mbwa na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kwa hiyo ni wajibu wao wa kikatiba. Tungependa mwakilishi wa wadi ya Jomvu Kuu auulizie kwenye bunge la kaunti kwa lugha hiyo hiyo: zimetengwa shilingi ngapi, na daktari wa mifugo anafika huku siku gani?

Kuhesabu si kazi ya gharama. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba na simu mwaka 2023, tayari hupita nyumba hadi nyumba. Waongezewe maswali mawili: mbwa au paka wako alizaa wangapi, na wangapi wako hai leo? Majibu ya mwaka mmoja yangewapa madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete na Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi mahali pa kuanzia utafiti wa kwetu, badala ya kuishi kwa tarakimu za Machakos za zaidi ya miaka 30 iliyopita. Kufunga uzazi kuanze na majike, maana kila jike mmoja aliyefungwa ni mizao kadhaa isiyozaliwa chini ya trela.

Kichaa chenyewe kinaweza kukatika kwa watu kama sisi, wenye bahari na misikiti kama yetu. Pemba walifanya. Kampeni za kuchanja mbwa zilikiondoa kisiwani mwaka 2014. Kikaingizwa tena mwaka 2016, wakarudi kazini, na kufikia mwishoni mwa 2018 kilikuwa kimekwisha tena. Kenya ina mpango wake wa 2014 hadi 2030, na muda uliobaki ni mchache.

Tuna ombi moja ambalo halihitaji bajeti. Kwa mazoea, mbwa wa chini ya miezi mitatu hurudishwa nyumbani siku ya chanjo ya kichaa, eti bado mdogo. Mtoto wa nyumbani kambeba kifuani hadi uwanjani, anaambiwa amrudishe, na mara nyingi hamleti tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wa mbwa wa miezi mitatu kushuka chini hujenga kinga ya kichaa wakichanjwa, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani sasa wanashauri kila mbwa anayeletwa achanjwe, wadogo wakiwemo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba. Idara ya mifugo ya kaunti iwaandikie wachanjaji wake kabla ya tarehe hiyo kwamba kitoto hakirudishwi. Ni barua ya ukurasa mmoja, na inaweza kutiwa saini wiki hii.